Msiende na Kilio, Nendeni na Ukurasa

Mhadhara kwa vijana wa vyuo vya kiufundi, Malindi

Hamjambo? Asanteni kwa kuja. Naona wengine mmeingia na helmeti mikononi, na pikipiki ikisimama mfuko nao unasimama, kwa hivyo sitazunguka.

Elimu ya uraia tuliyoizoea huja mwaka wa uchaguzi. Gari lenye vipaza sauti linapita, mnagawiwa fulana, mnaambiwa jisajilini, pigeni kura, dumisheni amani. Halafu kimya miaka mitano. Mwaka 2022, hapa Kenya, vijana walikuwa chini ya asilimia 40 ya wapigakura waliosajiliwa, wamepungua kuliko 2017, na wakubwa wakasema hawa hawajali. Miaka miwili baadaye vijana haohao waliuchambua Mswada wa Fedha wa 2024, ule wa kodi, kifungu kwa kifungu, wakautafsiri, wakaueleza kwa video fupifupi: ushuru wa mkate huu hapa, wa magari huu hapa. Tarehe 25 Juni bunge likaupitisha, watu wakauawa barabarani, na kesho yake Rais akatangaza hatautia saini. Ziko familia ambazo mpaka leo zinaomboleza, na siitaji siku ile kama hadithi ya ushindi. Ninachotaka mkione ni kilichotangulia maandamano: watu walisoma.

Tatizo ni kwamba sisi huanza kusoma mwezi Juni, chungu kikiwa kimeshaiva. Na hapa kwetu, kwenye kaunti, ambako ndiko zahanati na barabara ya mtaani kwako zinakoamuliwa, upishi huanza mapema zaidi. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imeweka tarehe. Kufikia 1 Septemba, Mpango wa Maendeleo wa Mwaka uwe umefika bunge la kaunti. Humo ndimo miradi inamoingia. Kufikia 28 Februari huja mkakati wa fedha, unaoweka kikomo cha kila idara. Kufikia 30 Aprili, makadirio ya bajeti. Tarehe 30 Juni iwe imepitishwa. Ukija Mei kuomba kisima ambacho Septemba hakikuandikwa, unamwomba mwakilishi wadi amnyang'anye mtu mwingine chake.

Na vikao vya umma mnavijua. Tangazo limetoka kwenye gazeti ambalo mtaani hakuna aliyelinunua. Kikao ni saa nne asubuhi, siku ya kazi. Mlangoni kuna karatasi: jina, nambari ya simu, sahihi. Kitabu cha bajeti ni kimoja, kiko mezani kwa maofisa, kwa Kiingereza. Mzee analalamikia maji, mama anauliza dawa, wanajibiwa kwamba limenukuliwa. Soda, nauli, kwaherini. Ile karatasi ya mlangoni ndiyo inayobaki kuwa ushahidi kwamba umma umeshirikishwa. Sahihi yako imefanya kazi, wewe hukufanya.

Sisemi msusie. Nendeni, ila mwende na ukurasa wa bajeti mkononi. Tuseme kuna mstari umeandikwa: ukarabati wa uwanja wa vijana, milioni nne. Uliza: ni uwanja upi, maana wadi ina vitatu? Mstari huu ulikuwepo mwaka jana? Kama ulikuwepo, zilitumika ngapi, na aliyepewa kandarasi ni nani? Swali la namna hiyo halijibiki kwa "limenukuliwa".

Ukurasa utaupata wapi? Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya taarifa, na Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kukujibu. Hulazimiki kueleza unaitakia nini. Wakikunyima au wakinyamaza, unakwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 nayo ina sehemu nzima kuhusu elimu ya uraia, kwa hivyo kaunti kuwafundisha haya si hisani. Nayo muiulize bajeti yake.

Kuna jambo moja linaniudhi, niruhusuni. Ile Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma imeunda jukwaa la bajeti na uchumi katika kila kaunti, la serikali ya kaunti kushauriana na wananchi. Wametajwa wanataaluma, wafanyabiashara, wafanyakazi, wanawake, watu wenye ulemavu, wazee na mashirika ya dini. Vijana hawamo kwenye orodha. Mkitaka kuingia itabidi mpendekezwe na vyama vya hayo makundi mengine, chama cha wafanyabiashara kwa mfano, na waendesha bodaboda ni wafanyabiashara. Au mlipelekee Bunge la nchi ombi sheria hiyo irekebishwe. Haki hiyo imo katika Kifungu cha 119.

Kura nayo msiidharau. Kwa hesabu ya Katiba uchaguzi unaofuata ni 10 Agosti 2027, na mwakilishi wadi anayepitisha makadirio ni huyohuyo mtakayempigia au kumnyima. Asiye na kitambulisho aanze kukifuatilia sasa, asisubiri foleni za mwisho.

Basi, wa wadi moja wakae meza moja. Kila meza iandike barua ya kuomba taarifa za mradi mmoja, mmoja tu. Barua yenye maombi kumi hujibiwa lile jepesi. Majina ya miradi mtayatoa kwenye nakala zilizoko hapo mbele, na atakayekwama kwenye Kiingereza cha nakala hizo aniite. Kama kuna maswali, tuyachukue kwanza.