Theluji Inapomshukia Asiyeizoea

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja na kwa kuacha shughuli zenu jioni hii.

Kila theluji inapoanguka katika mji usioizoea, watu wa nchi za baridi kali hucheka. Wakiona picha za magari yaliyokaa upande upande barabarani husema, "Sentimita tano tu, mji mzima umelala!" Kicheko hicho kimeniuma kwa miaka mingi. Nimefundisha udereva mahali ambapo theluji huja siku chache kwa mwaka, na miaka mingine haiji kabisa. Nimewaona madereva waangalifu, watu wenye miaka 20 barabarani bila mkwaruzo, wakiaibishwa kwa jambo lisilo kosa lao. Nimekuja kuwaambia kwamba theluji ya nchi zenye baridi ya wastani ni mbaya kuliko ile wanayojivunia wanaocheka. Utelezi wake ni mkubwa zaidi, na sababu yake inapimika.

Barafu haina utelezi wa aina moja. Ikiwa na nyuzi 20 chini ya sifuri huwa ngumu na kavu, na tairi hupata pa kushika. Theluji ya baridi hiyo ukiikanyaga hulia chini ya kiatu kama mchanga mkavu. Lakini barafu ya nyuzi sifuri, au moja tu chini yake, huwa na utando mwembamba wa maji juu yake. Tairi likipita, halikanyagi barafu, linakanyaga maji yaliyo juu ya barafu. Na nchi zenye baridi ya wastani huishi hapo hapo kwenye sifuri. Mchana theluji inayeyuka, maji yanatambaa barabarani, jua likizama yanaganda upya. Kesho yake dereva anakuta barabara aliyoiacha imelowa imekuwa kioo. Wa kaskazini ya mbali anaendesha juu ya theluji ileile kwa miezi minne. Huyu wa kwetu anakutana na barabara tatu tofauti kati ya asubuhi na usiku.

Sasa niwape hesabu, maana bila hesabu mguu hausikii. Gari likienda kilomita 50 kwa saa kwenye lami kavu, dereva akishakanyaga breki kwa nguvu, litasimama baada ya mita 14 hivi. Gari hilohilo, mwendo huohuo, kwenye barafu yenye maji, linahitaji karibu mita 100, yaani urefu wa uwanja wa mpira. Na hapo sijahesabu ile sekunde moja ya kushtuka kabla mguu haujafika kwenye breki, ambayo peke yake inakula mita nyingine 14. Ndiyo maana mwongozo rasmi wa madereva wa Uingereza unaonya kwamba kwenye barafu umbali wa kusimama unaweza kuwa mara kumi ya kawaida. Watu husoma "mara kumi" wakadhani wanatishwa tu. Hawatishwi.

Lakini hesabu hiyohiyo ina rehema ndani yake. Ukipunguza mwendo kwa nusu, umbali wa kusimama haupungui kwa nusu, unashuka hadi robo. Kwa kilomita 25 kwa saa, zile mita 100 zinakuwa 25. Hakuna kifaa chochote unachoweza kununua kikakupa faida kubwa kiasi hicho, na hii unaipata kwa kuinua mguu.

Mteremko ni habari nyingine, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Kwenye barafu ya aina niliyoieleza, mteremko unaoshuka mita 10 kwa kila mita 100 unatosha kabisa kulishinda tairi. Ukishaanza kuserereka hapo, hata ungekuwa na breki mpya kabisa, gari halisimami mpaka mteremko uishe au likutane na kitu. Kwa hiyo uamuzi wa mteremko hufanywa juu, kabla ya kuanza kushuka. Tazama chini: kuna gari limekwama? Kuna makutano yenye taa? Kama huoni pa kumalizia, zunguka, hata njia nyingine ikiwa ndefu mara tatu. Kama lazima ushuke, ingiza gia ya chini ukiwa bado juu kwenye tambarare, injini ilishike gari, na breki uiguse tu.

Mimi mwenyewe niliteleza mara ya kwanza kwenye daraja, alfajiri, mvua ikiwa imeacha usiku. Barabara kabla ya daraja ilikuwa nyevu tu, na baada yake ilikuwa nyevu tu. Juu ya daraja, mkia wa gari ulihama polepole kama vile mtu anausukuma kwa kidole. Hakukuwa na kelele yoyote. Kimya kile sijakisahau, na baadaye nilielewa kwamba kimya chenyewe ndiyo dalili. Matairi yakipita kwenye lami yenye maji huwa na mvumo. Mvumo ukikatika ghafla ilhali barabara bado inang'aa, umeingia kwenye barafu isiyoonekana, ambayo Waingereza huiita barafu nyeusi. Dalili ya pili: tazama gari la mbele. Kama matairi yake yalikuwa yanarusha maji na sasa hayarushi, maji yale yameganda.

Na kwa nini daraja? Kwa sababu barabara ya kawaida imelala juu ya ardhi, na ardhi hutunza joto la jana. Daraja limening'inia. Upepo wa baridi unalipiga juu na chini, kwa hiyo linaganda wakati barabara nyingine zote bado ni salama. Tarehe 11 Februari 2021, mjini Fort Worth, Texas, mvua nyepesi inayoganda ikigusa chini iliangukia barabara ya I-35W kabla ya mapambazuko, mahali palipoinuliwa juu ya ardhi. Magari zaidi ya 130 yaligongana, na watu sita walikufa. Wengi wa waliokuwa kwenye magari yale walikuwa wanakwenda kazini kama siku zote, kwenye barabara wanayoijua. Barabara ilikuwa imemwagiwa maji ya chumvi siku mbili kabla. Nawaomba, ubao wa joto kwenye dashibodi ukionyesha nyuzi 3 au chini ya hapo, kila daraja mlifikie kama vile tayari lina barafu: mwendo umeshapungua, usukani umenyooka, hakuna breki wala mafuta mpaka mmetoka ng'ambo.

Kuhusu chumvi, watu huitegemea kuliko uwezo wake. Chumvi hufanya maji yagande kwa baridi kubwa zaidi, lakini inahitaji muda, inahitaji magari yapite juu yake yaisage, na baridi ikizidi nyuzi 10 chini ya sifuri hivi kazi yake inapungua sana. Mvua ikitangulia theluji, inaiosha yote. Ndivyo ilivyokuwa Virginia mwanzoni mwa Januari 2022: mvua ilianza, barabara haikuweza kumwagiwa chumvi mapema, kisha theluji nzito ikafuata. Barabara kuu ya I-95 ikaziba. Waliokwama usiku kucha walikuwamo hata Seneta Tim Kaine, aliyetumia saa 27 kwa safari ambayo kwa kawaida ni ya saa mbili.

Ninarudi kwenye mikono na miguu. Siku ya barafu kila kitu kifanywe kana kwamba kuna mtoto mchanga amelala kiti cha nyuma. Tairi lina mshiko mdogo, na mshiko huohuo unagawanywa kati ya kazi tatu: kuongeza mwendo, kufunga breki na kukata kona. Ukifanya mbili kwa pamoja umemaliza akiba. Kwa hiyo punguza mwendo gari likiwa limenyooka, achia breki, ndipo ukate kona. Ukitoka kwenye kona, ndipo ukanyage mafuta, taratibu. Kwa gari la gia za mkono, ondoka kwa gia ya pili ili nguvu isije kwa kishindo. Mbele yako acha nafasi ya sekunde nane hadi kumi.

Likiteleza? Kama pua ya gari inaenda moja kwa moja ingawa umekata usukani, usiukate zaidi. Kila mtu anakata zaidi, na ndiyo kosa lenyewe. Inua mguu, rudisha usukani kidogo, subiri matairi ya mbele yashike. Kama mkia ndio unahama, inua mguu, macho yaende unakotaka kwenda, na mikono iyafuate macho. Usitazame nguzo. Mikono hufuata macho hata pale usipotaka. Na kama gari lina breki za ABS, yaani zinazozuia magurudumu yasijifunge, siku ya dharura kanyaga mpaka chini na ushikilie. Kanyagio litatetemeka na kunguruma chini ya mguu. Wengi wanashtuka, wanadhani limevunjika, wanaachia. Usiachie. Huko ndiko kufanya kazi kwake.

Nina neno kwa wenye magari yanayovuta kwa magurudumu yote manne, na nalisema kwa uchungu. Gari hilo litakusaidia kuondoka na kupanda. Kusimama halikusaidii hata kidogo, kwa sababu kila gari lina breki kwenye magurudumu manne. Hatari yake ni kwamba linaondoka vizuri mno, dereva hapati onyo lolote mpaka anapohitaji kusimama. Kinachosimamisha gari ni mpira wa tairi. Mpira wa matairi ya kiangazi huanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi, hata kama hakuna theluji. Mahali ambapo theluji ni mgeni sioni haja ya kila mtu kuwa na seti mbili. Matairi ya misimu yote yenye alama ya mlima wa vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake yanatosha, kwa sharti kwamba kashata zake bado zina kina. Sheria nyingi za Ulaya huridhika na milimita 1.6. Austria, inayoijua theluji, hudai milimita 4 kwa tairi la baridi, na mimi nipo upande wa Austria.

Lakini kati ya yote, lililo kubwa zaidi ni saa ya kuondoka. Januari 28, 2014, mjini Atlanta, theluji iliyoanguka haikufika hata sentimita 8. Ilipoanza mchana, shule, ofisi na biashara ziliwaruhusu watu wote karibu wakati mmoja. Kila mtu akaingia barabarani. Magari yakasimama, na theluji iliyokuwa chini yake ikayeyushwa na joto la matairi, kisha ikaganda kuwa barafu iliyosuguliwa. Magari ya kumwaga chumvi nayo yakakwama katika foleni ileile yaliyokuja kuifungua. Watoto walilala shuleni, wengine ndani ya mabasi. Mtoto mmoja alizaliwa barabarani, ndani ya gari, kwenye I-285. Kilichowaangusha watu wa Atlanta hakikuwa ujinga wa kuendesha. Hata bingwa wa mbio za magari asingesogea pale. Kwa hiyo ukiwa mwajiri au mwalimu mkuu, waruhusu watu kwa zamu, au waruhusu kabla ya chembe ya kwanza. Na ukiwa dereva uliyechelewa kuondoka, kaa ulipo. Kunywa chai. Kulala sakafuni ofisini ni usiku mmoja tu.

Wale watakaokwama hata hivyo, nawaomba mkumbuke bomba la moshi. Theluji ikiliziba, au upepo ukiirundika nyuma ya gari, kaboni monoksidi, gesi ya sumu itokayo kwenye injini, hurudi ndani ya gari. Haina rangi wala harufu, na mtu hulala akadhani ni uchovu. Shuka kwanza, fukua bomba kwa koleo au hata kwa mikono, ndipo uwashe injini dakika 10 hivi kwa kila saa, kioo kimoja kikiwa wazi kidogo. Usiliache gari kwenda kutafuta msaada kama huoni unakokwenda. Tangi lisiwe chini ya nusu msimu huo. Blanketi, maji, tochi na mchanga kidogo wa kumwaga mbele ya tairi vinaingia kwenye mfuko mmoja. Asubuhi, kioo kikiwa kimeganda, usikimwagie maji ya moto, kitapasuka. Kwangua chote, si tundu la kuchungulia, na theluji ya juu ya paa iondoe pia, maana ukifunga breki itateremka yote kwenye kioo cha mbele.

Mama mmoja hapa mbele ameniuliza kabla hatujaanza: nitajifunzaje jambo linalonitokea mara moja kwa miaka mitatu? Swali zuri, na jibu lake ni hili. Siku theluji ya kwanza ikianguka, tafuta uwanja mpana wa kuegesha magari, mtupu, usio na nguzo, na uombe ruhusa kwa mwenyewe. Nenda kwa kilomita 20 kwa saa. Funga breki kwa nguvu, usikie kanyagio linavyotetemeka, utazame umesimama wapi. Shuka, pima kwa hatua, rudi. Rudia kwa 30. Kisha kata usukani mno, makusudi, uhisi pua inavyogoma, na uinue mguu mpaka ishike tena. Dakika 20 zinatosha.