Turbo kubwa, mlima wa Kadutu

Ndugu mafundi, na ninyi wenye magari, naanza na valvu ya kutolea hewa, maana ndiyo naulizwa kila ninaposimama mbele ya watu hapa Bukavu. Turbo, pampu ya hewa inayozungushwa na moshi wa injini, inapiga fu-fu-fu, mtu anakimbia kununua valvu. Haya, valvu hiyo inafanya nini? Ukiachia mafuta ghafla, kipepeo cha hewa kinajifunga, hewa iliyokwisha kusukumwa inakosa pa kwenda, inaigeukia kompresa, upande wa turbo unaosukuma hewa. Valvu inaifungulia njia. Kazi yake inaishia hapo.

Sasa papa mmoja alituletea gari la petroli, injini ya lita 2, turbo kubwa mpya, valvu mbili zimewekwa, kelele iko palepale. Tukapanda naye Kadutu. Vitesi (gia) ya tatu, mizunguko haifiki 2,500 kwa dakika, mguu umekanyaga mpaka chini. Mshale wa presha ukaanza kutetemeka. Tuliposimama, kijana wetu akashika mpira wa hewa huku gari likilazimishwa kuvuta polepole: unavimba, unasinyaa, unavimba. Nikamwambia, papa, hapa kipepeo kiko wazi na valvu zako zote zimefunga. Ongeza hata ya tatu, nayo itafunga vilevile!

Waliomuuzia walimwekea gurudumu kubwa la kompresa, wakaacha kasha dogo la turbini, upande wa turbo unaozungushwa na moshi. Kasha dogo linaamsha turbo mapema, kompresa inataka kusukuma hewa nyingi, na injini ya lita 2 kwa mizunguko ile haina uwezo wa kuimeza. Hewa inarudi nyuma, ndiyo fu-fu-fu yenyewe. Kiwanda huchora ramani ya kompresa, mchoro unaoonyesha inapitisha hewa kiasi gani na inaizidisha mara ngapi, na mstari wake wa kushoto ndio mpaka ambapo hewa inaanza kurudi nyuma. Ukinunua turbo bila kuiona ramani hiyo, umenunua nini?

Najua kuna atakayesema: mbona turbo hii hii inatembea vizuri Dar es Salaam? Dar iko baharini, ndugu yangu. Sisi tuko karibu mita 1,500. Kule hewa ya nje ina kilopaskali kama 101, kwetu ni kama 85. Weka presha ya bar 1 (kilopaskali 100) juu yake: kule kompresa inazidisha hewa mara 2, hapa karibu mara 2.2. Mshale wako unasoma bar 1 kotekote, lakini hapa umepanda juu zaidi kwenye ramani, na kwa mizunguko midogo huko juu ndiko mpaka ulipo. Kisha ongeza milima yetu, ambapo dereva anavuta na vitesi kubwa ili kubana mafuta.

Kwa gari la mjini, basi, chagua kompresa ndogo. Nguvu za mizunguko 7,000 utazitumia barabara gani hapa? Ukishikilia kubwa, chukua kasha la turbini lenye A/R kubwa zaidi, yaani kipimo cha njia ya moshi ndani ya kasha, presha ichelewe hadi injini iweze kumeza. Au kompyuta izuie presha yote chini ya mizunguko 3,000. Mdomo wa kompresa wenye mfereji wa kurudishia hewa kidogo mdomoni nao unasaidia, kidogo. Wenye mazutu (dizeli), injini zenu nyingi hazina kipepeo, valvu hiyo msiuziwe kabisa.

Naonyeshwa saa. Mwenye kelele hiyo alete gari uani sasa hivi, injini ipoe, tufungue mpira tushike shafti. Ikicheza kwenda mbele na nyuma, beringi ya msukumo imekwisha kuliwa.