Gari la familia lenye nafasi: anza kulikagua siti ya nyuma kabisa

Asalaam aleikum ndugu zangu, karibuni. Leo niko nje ya duka langu hapa Ngamiani, Tanga, na hii nyuma yangu ni Toyota Noah ya mjomba, kaniazima mpaka adhuhuri. Wanaonijua wanajua nashona makava ya siti. Mwaka wa kumi na moja huu navua na kuvisha siti za magari. Injini nitaigusa kidogo tu, fundi wako ataimalizia. Ila habari ya nafasi ndani ya gari, hiyo niachieni mimi.

Rangi, redio, rimu, kila mtu anaziona. Tunapita.

Kwanza kabisa, hesabu watu wako kwa majina. Usiseme "familia ya kawaida". Sisi tuko saba: mimi, baba watoto, watoto wanne, na mama mkwe ambaye magoti yanamsumbua. Sasa Toyota Wish nayo ina siti saba. Lakini siti yake ya nyuma anakaa raha mtoto wa darasa la tatu. Mtu mzima magoti yanampanda kifuani. Kama mko wakubwa wanne na watoto wawili wadogo, ichukue, ni gari zuri na mafuta haili sana. Noah utapata ya siti saba au nane. Alphard ni pana kuliko zote hizo, naipenda, siwafichi, ila ukiagiza Japani angalia cc, yaani ukubwa wa injini. Injini ikizidi cc 2,000 ushuru wa bidhaa ni asilimia 10. Ya Noah nyingi za petroli ni cc 1,998 au 1,986 kutegemea toleo, inaangukia asilimia 5. Bado kuna ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18, na gari kuukuu linaongezewa ushuru wa uchakavu. TRA, watu wa mamlaka ya mapato, wana kikokotoo kwenye tovuti yao. Weka mwaka na aina ya gari uone jumla kabla hujatuma hata shilingi.

Haya, twende ndani. Mwanangu, lete kamera huku.

Wengi wakifika kwa muuzaji wanakimbilia usukani. Mimi nakwambia pita mlango wa pembeni, nenda mpaka siti ya mwisho, kaa. Kaa kabisa, uegemee. Ona hapa: kati ya goti langu na siti ya mbele inapita ngumi moja. Hiyo inatosha mpaka Korogwe. Isipopita, huyo atakayekaa hapa atalalamika kabla hamjafika Muheza. Na siti ya katikati inasogea mbele na nyuma, kwa hiyo hakikisha waliokaa pale nao wana nafasi yao. Usipime huku nyuma wakati ya kati imesukumwa mbele haina mtu! Hapo unajipimia nafasi ambayo haipo.

Sasa buti. Siti zote zikiwa na watu, nyuma hapa nimeweka ndoo mbili za lita ishirini, basi, pamejaa. Gunia la machungwa ya Muheza utaliweka wapi? Ndiyo maana siti hizi zinakunjwa.

Hapa naomba mniangalie vizuri sana. Siti ya nyuma ya Noah hii imegawanyika mbili, kila upande unanyanyuliwa na kukaa ubavuni, karibu na dirisha. Unavuta, unanyanyua, unasukuma mpaka ishike. Sikiliza... klak. Umesikia? Isipolia klak, haijashika. Mkanda pekee hautoshi. Mwaka juzi tunatoka Pangani, siti nilikuwa nimeifunga kwa mkanda nikaridhika. Barabarani ikaanguka, na mkono wa binti yangu ulikuwa palepale, anashikilia kapu la samaki. Namshukuru Mungu ulivimba tu. Kwa hiyo nyanyua, sukuma, klak, halafu itikise kwa mikono miwili. Fanya upande wa kulia, fanya na wa kushoto, maana nimeona magari mengi upande mmoja kitasa kimeisha. Mwenye gari akikwambia "hiyo huwa hatuikunji", wewe ikunje hivyohivyo. Klak. Ndiyo.

Tufunge mlango huu wa... subiri. Umekwama. Hapana, usizime, endelea kurekodi, wauone. Mlango wa kuburuza umegoma katikati. Sogeza kamera chini, kwenye reli. Mnaona mchanga ule? Mjomba anakwenda Raskazone kila Jumapili, huo ni mchanga wa pwani. Nausugua kwa brashi... sasa unatembea. Mchanga siyo tatizo. Tatizo ni ukishasafisha bado unasaga, au ukiuacha wazi gari likiwa mlimani unarudi wenyewe. Mlango unaorudi wenyewe utambana mtoto. Upeleke mlimani uujaribu. Na hapohapo chini ya reli pitisha kidole: sisi watu wa pwani tunakaa na hewa ya chumvi, kutu inaanzia huku kabla hujaiona kwenye bodi.

Jingine. Noah nyingi zimefanya kazi ya abiria vijijini, halafu zinasafishwa zinauzwa kama gari la nyumbani. Mimi siti inaniambia. Bonyeza sponji pembeni karibu na mlango: likizama na lisirudi, wamekalia watu wengi. Nyanyua kapeti, tafuta matundu ya bolti yasiyo na siti, maana waliongeza kiti wakakitoa. Angalia pedali ya breki: gari linaloonyesha kilomita elfu sabini na raba ya pedali imelika mpaka chuma, hizo kilomita usiziamini.

Injini haraka haraka. Kifuniko kikiandikwa D-4, petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, haipendi mafuta machafu, mwite fundi anayeijua. Gia boksi ikiwa CVT, yaani otomatiki isiyo na gia za hatua, uliza imewekwa oili gani. Iwe ya CVT, siyo ATF, ile oili ya otomatiki za kawaida. Na uikute injini ya baridi. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika.

AC washa, funga vioo, rudi siti ya mwisho ukae dakika kumi. Tanga hii na joto lake! Mbele panaweza kuwa baridi kabisa huku nyuma bibi anajipepea kwa kanga. Matundu ya juu lazima yatoe baridi.

Halafu jaza watu. Waombe na majirani, mjae wote saba au wanane, mwende mpaka Pongwe na kurudi AC ikiwa imewashwa. Gari tupu kila siku linakwenda vizuri. Mkirudi, inama uangalie kama kuna kinachodondoka chini. Baada ya hapo ndipo uombe kadi, ulinganishe namba ya chesisi, muanze kuongea bei.

Ukishalinunua, niletee siti zikiwa tupu, bila kava la mtu mwingine juu yake. Nianze na ya nyuma.