Nakshi kwa Macho ya Nani?

Mabibi na mabwana, mafundi, na nyinyi wanafunzi wa ujenzi mliojazana huko nyuma, hamjambo. Nimeombwa nizungumzie uzuri wa nyumba. Sitawapangia rangi za kupaka. Hilo kila mtu na jicho lake. Nataka tuulizane swali moja tu: nakshi unayoilipia, unamwekea nani aione?

Twende Lamu kwanza. Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, mwaka mmoja baada ya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Mgeni akipita kwenye vichochoro vyake huona kuta ndefu za mawe na chokaa, madirisha machache, basi. Ukiacha mlango na daka, yaani ukumbi mdogo wa mlangoni, lenye baraza zake, hakuna kinachokwambia kwamba humu anakaa tajiri.

Sasa piga hodi, uruhusiwe. Kutoka dakani unaingia tekani, kipito cha kuingilia, na hapo ukuta umekaa makusudi usikuonyeshe kitu. Unakata kona, unatokea kiwandani, yaani ua wa ndani, kwenye uwazi wa mwanga na hewa. Mbele yako kuna misana, yaani kumbi ndefu nyembamba, mmoja nyuma ya mwingine, sakafu ikipanda kidogo kila unapovuka. Kadiri unavyozidi kuingia, plasta inazidi kuchorwa. Ukifika ndani, chumba cha mwisho, faragha ya bibi mwenye nyumba, unakutana na ukuta mzima wa vidaka, au zidaka kama wasemavyo wenyewe Waamu, vishubaka vya ukutani vya kuwekea vitu: safu juu ya safu, kila kimoja na upinde wake, vyote kwa chokaa iliyokatwa kwa mkono. Humo ndimo zilimopangwa sahani na bakuli za kaure kutoka China.

Angalieni hesabu yake. Fundi alitumia siku nyingi zaidi kwenye ukuta ambao watu wachache zaidi wangeuona. Mpita njia hakuuona. Mteja wa biashara aliyeishia barazani hakuuona. Walioketi mbele yake ni mama, binti, rafiki zao wa kike na jamaa wa karibu. Na tukumbuke kwamba kwa desturi ya waungwana wa Lamu, baba alimwandalia binti yake nyumba, au sehemu ya nyumba, alipoolewa. Kwa hiyo ukuta ule ulikuwa wa mwanamke.

Vidaka vile vilikuwa na kazi nyingine ambayo mafundi mtaipenda. Dari za nyumba hizi zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haibebi dari nzito ya mawe na chokaa chumba kikiwa kipana sana. Ndiyo maana vyumba ni virefu lakini upana wake hauzidi sana mita 2.5 hadi 3. Boriti hizohizo zilisafirishwa kwa majahazi mpaka Ghuba, na nyumba za kale za Kuwait na Bahrain nazo zina vyumba vyembamba kwa sababu hiyohiyo. Sasa, kwenye chumba chembamba, ukuta mtupu unakubana. Ukuta wenye vidaka una vivuli na kina. Jicho linapata pa kuingia. Nakshi ilikuwa inatibu ugonjwa wa boriti.

Mshairi Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alipoulilia mji wa Pate ulioanguka katika utenzi wake Al-Inkishafi, alikuwa na mambo mengi ya kuchagua ili kuonyesha utajiri uliopotea. Mojawapo alilolichagua ni vidaka vya kupangia vyombo, ambamo sasa wanalala makinda ya ndege. Watu wa zama zake walielewa mara moja.

Mlango ndio mahali pekee nyumba iliposema na barabara kwa sauti. Zanzibar waliuendeleza mno: miimo iliyochongwa minyororo na maua, mfaa wa katikati, kizingiti cha juu, misumari ya shaba. Watembeza watalii watakwambia misumari ile ni ya kuzuia tembo. Tembo gani, mtaani Shangani, katikati ya Mji Mkongwe? Mtindo ulitoka India, ambako milango ya ngome kweli iliwekewa miiba ya chuma dhidi ya tembo wa vita. Ulipofika kwetu ulikuwa umeshakuwa pambo tu. Wala sioni haya kulisema hilo. Pambo halihitaji kusingiziwa kazi ya ulinzi ili liheshimiwe.

Kisha akaja Seyyid Barghash, sultani wa Zanzibar, na Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu, mwaka 1883. Jengo lile lilijengwa na varanda ndefu kila upande, nguzo za chuma, na uso wake umeelekea baharini. Limejengwa lionekane na kila jahazi na kila meli inayotia nanga. Sililaumu, mfalme ana haja ya kuonekana. Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka, na walioumia moyo hawakuwa wasomi wa majengo peke yao.

Taabu ni kwamba sasa kila mtu anajenga kama mfalme. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Pita mitaa mipya ya Dar es Salaam au Mombasa: geti la chuma lenye maua ya dhahabu, na nguzo nne za duara zilizomiminwa kwa kalibu, mbili kati yake hazibebi chochote. Ukikaribishwa ndani, sebule ina kuta nyeupe, jipsamu yenye taa za bluu, na televisheni. Fedha yote imebaki nje kwa ajili ya watu wasioingia. Nguzo zile mimi sizipendi, nakiri wazi, lakini hata ningezipenda ningeuliza swali lilelile.

Na hapa nitawaudhi wasanifu wenzangu. Tumezoea kuvicheka vitambaa vya kufuma, vile ambavyo mama huviweka kwenye migongo ya makochi, juu ya redio, juu ya friji. Tunaviita ushamba. Lakini nani alivichagua? Mwenye nyumba mwenyewe, mara nyingi kavifuma kwa mkono wake. Viko ndani, vinaonwa na aliyekaribishwa, na rangi yake imepatanishwa na pazia kwa makini ambayo sisi hatuna tunapochora ramani. Katika sebule yenye nguzo nje na vitambaa ndani, kilicho karibu zaidi na kidaka cha Lamu ni kitambaa.

Kwa hiyo mteja akija na picha ya simu na kusema nataka kama hii, msimkatalie wala msimpe mhadhara. Muulizeni atakaa wapi jioni, na akikaa macho yake yataangukia ukuta gani. Ukuta huo ndio wa kugharamia. Ukitaka kidaka, ukipange kabla ya kunyanyua tofali, maana kukichimba baadaye ni kuudhoofisha ukuta. Ukitaka mlango wa kuchonga, wachongaji bado wapo Lamu na Zanzibar. Lakini agiza mapema, na uulize mbao imekauka kiasi gani, maana mbao mbichi itapinda hata ichongwe na nani.

Nimemaliza yangu. Naona fundi wa kule pembeni ameinua mkono tangu nilipozitaja zile nguzo. Karibu, fundi, nitetee mteja wako.