Uwanja wa Taifa, Ule wa Zamani

Shikamooni wakubwa zangu. Vijana, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie uwanja wa nyumbani wa zamani. Kwa watu wa Simba na Yanga swali hili lina ugumu wake. Yanga ni ya 1935, Simba ni ya 1936, na zote makao yake ni Kariakoo. Lakini mechi zao kubwa zilichezwa Temeke, kwenye uwanja wa serikali. Tulikuwa tumepanga nyumba moja na mtani wetu. Kwa hiyo hamu ninayoizungumzia leo ni ya pande zote mbili.

Tuanze na jina, maana jina nalo lilihama. Ulipofunguliwa uwanja mpya mwaka 2007, wenye viti 60,000, ulichukua jina la Taifa, na ule wa zamani, uliopakana nao ukuta kwa ukuta, ukabaki kuitwa Uhuru. Mwaka 2020, baada ya Mzee Mkapa kufariki, ule mpya ukapewa jina lake. Leo Chang'ombe kuna viwanja viwili na hakuna hata kimoja kinachoitwa Taifa. Lakini mzee wa Magomeni akikwambia "mimi nilikuwepo Taifa Julai 1977", yaani siku Simba ilipomfunga mtani 6-0 na Kibadeni akatupia matatu, yeye anajua vizuri alikaa ngazi ya ngapi.

Mimi nina yangu ya Novemba 1993. Fainali ya Kombe la CAF, Simba na Stella ya Abidjan. Kule kwao tulitoka 0-0, mji mzima ukaamini kombe limeshafika. Mjomba wangu ndiye aliyenipeleka, naye alikuwa Yanga wa damu. Alikuja kuona tukifungwa na hakunificha. Tulikaa mzunguko, juu ya zege lenye moto, boksi kichwani kukinga jua. Waliokuwa na redio za betri walizibana sikioni, wanaangalia mpira na kuusikiliza papo hapo, kana kwamba macho peke yake hayatoshi.

Tukafungwa 2-0. Lilipoingia la pili, muuza maji aliyekuwa mbele yetu alisimama na ndoo yake kichwani, hanadi, anatazama tu. Tulitoka tukitembea kwa miguu na umati. Nilikuwa nangoja utani wa mjomba kama mtu anayengoja fimbo. Tulipofika Keko akaninunulia muwa, akasema: "Kesho, mjomba. Leo hapana." Na kesho yake alfajiri alinigongea dirisha, akaanza.

Nikiulizwa ninachokikosa, ni hilo neno, "leo hapana". Lilisemwa kwa sababu tulikuwa tumekaa bega kwa bega, yeye ameuona uso wangu. Siku hizi siku ya dabi kila mmoja ana upande wake na rangi yake, na utani unapitia kwenye simu, mahali ambapo huoni uso wa mtu.

Sisemi kwamba zamani kulikuwa kuzuri. Watu walibanana milangoni mpaka watoto wakapitishwa juu ya vichwa. Vyoo sitaki hata kuvieleza. Kina mama waliokuja walikuwa wachache, na hawakuwa na mahali pa kukaa kwa amani. Anayesifu uwanja ule bila kuyataja haya anausifu uwanja mwingine.

Lakini pale pale, usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961, ndipo bendera ya Tanganyika ilipopandishwa. Na pale pale, Oktoba 1999, tulipanga foleni kumuaga Mwalimu. Mjomba alinishika mkono, akaninong'oneza, akionyesha kwa kidevu: "Tulikaa kule." Tumekuja kwenye msiba wa taifa zima, naye jicho limekwenda kwenye ngazi yetu. Sikumshangaa, maana hata mimi nilikuwa nimeshaiangalia.

Mjomba hayupo tena. Wenzake nawaona hapa, safu ya mbele, na ndiyo sababu nimekuja na kinasa sauti. Sitaki matokeo ya mechi, hayo yameandikwa. Nataka mniambie mlikaa wapi, mlikwenda na nani, na mlirudi kwa njia gani. Mzee mwenye kofia ya kijani, naomba tuanze na wewe. Kipaza sauti hicho hapo.