Mwani Unakula Nini?

Shikamooni wazee wangu. Mama zangu wa Mikindani, asanteni kwa kuja. Najua maji yakishakupwa kamba mnazofungia mwani haziwasubiri.

Hapo mlangoni nimeulizwa: mwani unakula nini, mbona hatuutilii mbolea? Swali zuri, acheni nianzie hapo.

Mwani hauna mizizi ya kunyonya ardhini. Unafyonza kwa mwili mzima kutoka kwenye maji: naitrojeni, fosforasi, na hewa ya ukaa iliyoyeyuka baharini. Mvua ikinyesha, mbolea na taka za huku juu huteremkia pwani. Zikizidi, maji huvurugika. Mwani huzichukua zikawa mwili wake, nanyi mkivuna mnazitoa baharini kabisa. Nasisitiza kuvuna, kwa sababu mwani ukiozea majini, kila ulichobeba kinarudi. Na ule ukaa nao hurudi hewani mwani ukishaliwa, kwa hiyo msikubali anayewaambia kwamba kamba zenu zitapoza dunia. Zinasafisha maji, zinawapa samaki wadogo maficho. Hilo ni kubwa la kutosha.

Kilimo hiki cha biashara kilishika Unguja mwaka 1989, kwa mbegu kutoka Ufilipino. Kinachotafutwa ni karaginani, ule ute unaogandisha: umo kwenye dawa ya meno, aisikrimu, losheni. Mwani aina ya kotonii hutoa ute mgumu na bei yake ni nzuri, lakini haivumilii joto. Maji yakipita nyuzi 30 huanza kuugua, matawi yanakuwa meupe na kukatika. Aina nyingine, spinosamu, huvumilia zaidi, ila bei yake iko chini. Ndiyo maana wenzetu wa Unguja wengine wamehamia maji ya kina, ambako kuna ubaridi. Huko inataka boti na kujua kuogelea, na mama asiyefundishwa kuogelea amefungiwa mlango. Jambo hili linaniumiza, na ningependa mafunzo yaanzie hapo kabla ya kugawa kamba.

Kuhusu kukausha nitasema kifupi: anikeni kwenye vichanja. Mchanga unashusha bei.

Sasa vigingi vya kufungia kamba. Tukikata mikoko kupata vigingi, tunabomoa kitalu cha samaki na kamba wale wa kuliwa ili tujenge shamba. Na yale majani ya bahari chini, msiyang'oe kusafisha eneo. Samaki kama tasi na majongoo ya bahari wanaishi humo. Bamvua lijalo, maji yakikupwa sana, kabla ya kupigilia kigingi, inama utazame chini. Ukiona majani, sogea penye mchanga mtupu.