Nguvu za Farasi na Kiganja cha Mpira: Mhadhara kuhusu Pikipiki Mpya za Mbio, Uliotolewa Mbeya

Waheshimiwa wageni, walimu wenzangu, vijana wa karakana, na ndugu zangu wa bodaboda mlioegesha hapo nje mkakubali kuwaacha abiria wa saa nzima kwa ajili ya maneno yangu: shikamooni wakubwa, na vijana habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie pikipiki mpya za mbio na kile kinachowasisimua watu ndani yake. Naomba nianze na plagi hii niliyoishika, ile inayotoa cheche ya kuwasha mafuta ndani ya injini. Imetoka kwenye pikipiki ya cc 125 iliyoletwa kutoka Dar es Salaam hivi karibuni, na ncha yake, kama mnavyoiona, ni nyeusi kama sufuria ya kuni. Mwenyewe alilalamika kwamba pikipiki imechoka ghafla, hasa inapopanda Kawetere kuelekea Chunya. Haikuchoka. Mji wetu uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, ambako mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 82 ya ule wa pwani, kwa hiyo kabureta, yaani kifaa kinachochanganya mafuta na hewa, iliyopimwa kwa hewa nzito ya Dar es Salaam humimina mafuta mengi kuliko hewa iliyopo, na yale yasiyoungua vizuri huishia kuwa masizi.

Pikipiki kubwa nayo haina ujanja hapa. Ile inayotoa nguvu za farasi 200 ufukweni itabaki na kama 165 au 170 ikiwa hapa Mbeya, pale Uyole. Sensa zake, yaani vipimo vyake vya umeme, zitapima hewa na kupunguza mafuta, plagi itabaki safi, lakini hakuna sensa inayoweza kuleta hewa isiyokuwapo. Ndiyo maana mashine iliyonisisimua kuliko zote katika muongo uliopita ni Kawasaki Ninja H2, iliyoingia sokoni mwaka 2015, kwa sababu injini yake ya cc 998 haisubiri hewa ije yenyewe. Ina supachaja, yaani feni inayozungushwa na krenki, ile shafti kuu inayogeuzwa na pistoni, kupitia gia na kuishindilia hewa ndani ya silinda. Gurudumu la feni hiyo lina kipenyo cha milimita 69 tu, mtu anaweza kulifumbata mkononi, nalo huzunguka karibu mara 130,000 kwa dakika moja. Ndugu yake asiyeruhusiwa barabarani, H2R, hutoa takriban nguvu za farasi 310, na mwaka 2016 dereva wa mashindano Kenan Sofuoğlu aliikimbiza kwenye daraja la Osman Gazi nchini Uturuki hadi kilomita 400 kwa saa. Bodaboda zenu zina farasi kumi hivi.

Namba hizo ni tamu kusimuliwa kijiweni, na nakiri kwamba nami huzisimulia. Hata hivyo, kwa maoni yangu, kupata nguvu si kazi ngumu tena tangu zamani. Suzuki walitoa Hayabusa mwaka 1999, ikavuka kilomita 300 kwa saa, na muda mfupi baadaye watengenezaji wenyewe wakakubaliana kuzifungia pikipiki zao zisizidi kasi hiyo. Kazi ngumu ni kuifikisha nguvu barabarani, kwa sababu sehemu ya tairi inayogusa lami haizidi sana upana wa kiganja, na pikipiki ikilala kwenye kona, kiganja hicho hicho kinadaiwa kuvuta, kufunga breki na kushikilia kwa wakati mmoja.

Tazameni Yamaha walivyolishughulikia jambo hilo. Pikipiki yao ya R1 ya mwaka 1998 ilikuwa na takriban farasi 150, lakini lililowashangaza mafundi ni kwamba shafti za gia zilipangwa moja juu ya nyingine, badala ya kufuatana kuelekea nyuma. Injini ikawa fupi, na nafasi iliyopatikana ikatumika kurefusha mkono unaoshika tairi la nyuma, ili tairi hilo lifuate lami kwa utulivu zaidi bila pikipiki nzima kuwa ndefu. Mwaka 2009 wakabadilisha krenki. Katika injini ya kawaida ya silinda nne, pistoni zote husimama kwa pamoja mara mbili katika kila mzunguko, zikaivuta na kuisukuma krenki, na mtetemo huo humfikia dereva ukiwa umechanganyika na nguvu halisi ya mlipuko. Katika krenki mpya pistoni husimama kwa zamu, na milipuko hupishana kwa nyuzi 270, 180, 90 na 180. Mlio wake ukawa wa kukwaruza, kama mtu anayecheka huku ana mafua, na wapo walioudharau. Lakini dereva akapata kitu ambacho farasi wa ziada hawawezi kukinunua: mkono wake wa kulia ulianza kujua tairi la nyuma linafanya nini.

Hatua iliyofuata ndiyo ninayotaka vijana wa karakana waisikilize kwa makini. R1 ya mwaka 2015 ilikuja na kisanduku kidogo cha sensa kinachopima mwendo wa pikipiki katika mielekeo sita, yaani kinajua imelala kiasi gani, imeinama mbele au imenyanyua tairi, na inateleza kuelekea wapi. Kompyuta huzitumia taarifa hizo kupunguza nguvu kabla tairi halijaachia. Karibu na wakati huo huo, breki zinazozuia tairi kujifunga nazo zilianza kuzingatia ulalo wa pikipiki.

Umuhimu wake naujua mwilini mwangu. Nikiwa kijana nilikuwa nikishuka Mlima Nyoka katika manyunyu, nikakutana na lori katikati ya kona, nikabana breki ya mbele yote. Tairi lilijifunga, usukani ukakunja, na kabla sijajua ninafanya nini nilikuwa nateleza kwenye lami kwa kiwiko, nikiitazama pikipiki yangu ikinitangulia mtaroni. Breki ya kisasa ingeipima ile kona, ikanipa kiasi ambacho tairi lililolala lingeweza kukibeba, na kuninyima kilichozidi.

Kuhusu yale mabawa ya pembeni mnayoyaona kwenye picha, nitasema kwa ufupi. Ducati wanaeleza kwamba mabawa ya Panigale V4 ya mwaka 2020 huikandamiza pikipiki kwa kilo 30 ikiwa kwenye kilomita 270 kwa saa. Kwa anayekwenda sokoni Soweto, hapa mjini, kununua viazi ni mapambo. Jambo zito zaidi la pikipiki hiyo limejificha: krenki yake huzunguka kinyume na magurudumu, ikapunguza ule ukaidi wa vitu vinavyozunguka kwa kasi, na kwa hiyo hulala upande wa pili wa kona upesi kuliko uzito wake unavyodai.

Kijana mmoja ameniuliza kabla hatujaanza kama mashine hizi zingefaa kona za mlima Kitonga au barabara yetu ya Chunya. Lami inazitosha. Ninachokihofia ni asubuhi ya mwezi wa sita. Matairi ya mashindano hufunikwa kwa blanketi za umeme yapate joto kabla ya kuingia uwanjani, kwa sababu mpira wake ukiwa wa baridi ni mgumu na haushiki. Hata yale ya barabarani yanayokaribiana nayo yanahitaji kilomita kadhaa za taratibu. Mkiipata pikipiki ya farasi 200 na kuiwasha saa kumi na mbili asubuhi, ukungu ukiwa bado umeulalia mlima wetu Loleza, kompyuta itawaonya, lakini kona ya kwanza ishukeni kama mmebeba mayai.